Mtumbwi wa Kuwindia Bata

Kila muhula nirudipo bwenini wenzangu hunicheka, husema nanuka tope la Ruvuma. Siwalaumu. Hapa Nanyamba tumekaa juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ya kunywa yenyewe ni shida, na mtu aweza kuzaliwa, akakua, akaoa, asipande chombo cha majini hata siku moja. Kwetu mimi ni bondeni, upande wa Kitaya, ambako ukishuka waona mto umelala kama mkeka mweupe, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Huko mtoto asiyejua kushika pondo huonwa kama mtoto asiyejua kula. Basi nataka niwape habari za mtumbwi mmoja ambao babu yangu aliuchonga nami nikimsaidia, kisha mimi mwenyewe nikauharibu.

Yafaa mjue kwanza kwamba mitumbwi si namna moja. Ule wa kuvushia watu ni mpana na mzito, waweza kuchukua watu, baiskeli na mbuzi, na sauti yake husikika kabla haujaonekana. Wa kuvulia ni mwembamba kidogo. Lakini wa kuwindia bata ni kitu kingine kabisa. Urefu wake ni pima 2 na nusu, upana wake shibiri 3, na mbavu zake ni fupi sana, hata mwindaji akiisha kulala kifudifudi ndani yake, anayetazama kwa mbali haoni ila gogo lielealo. Mbele huchongwa mwembamba ili upasue maji bila kuyapiga. Bata haogopi gogo. Mtoni magogo ni mengi. Huogopa sauti.

Mwalimu wetu mmoja alitueleza kwamba Waingereza nao walikuwa na vyombo vya namna hii, vya mbao, vifupi mbavu, na mbele yake walifunga bunduki ndefu kuliko mtu, ambayo kwa mlio mmoja iliweza kuangusha ndege makumi. Nilipomsimulia babu, aliguna tu. Gobore lake, asema, lilikuwa likiua wawili, au halilii kabisa.

Mahali pa kazi hiyo si mtoni penyewe, kwa kuwa mtoni mna viboko na mamba, na maji yaenda mbio. Ni katika mabwawa. Masika mto hufurika, ukaingia katika majaruba ya mpunga na mabondeni, na maji yapungukapo huacha mabwawa yaliyojaa mayungiyungi na nyasi. Hapo ndipo wakaapo bata, hasa wale wenye nyuso nyeupe ambao hulia kama mtu apigaye mbinja mara tatu. Mchana hupumzika, usiku hushuka katika mpunga. Sisi watoto ndio tuliokuwa tukienda kuamia, na nyimbo zetu na madebe yetu, lakini bata wa usiku hawajali debe.

Babu aliacha kuwinda zamani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyokuja baada yake, haimruhusu mtu kuwinda bila ya leseni, naye gobore lake alikwisha kulipeleka serikalini. Mtumbwi wake wa mwisho ulilala ufukoni hata mchwa wakaula. Ndiyo maana sote tulistaajabu likizo ya Juni, aliposema kwamba ataka kuchonga mwingine, wa namna ile ile ya bata, na kwamba mti wa kuchonga ni mwembe wa bibi.

Miti ya msituni yataka kibali, na iliyo minyoofu imebaki mbali. Mwembe ulikuwa nyuma ya jiko, mnene, shina lake limenyooka kama nguzo. Bibi aliupanda mwaka aliozaliwa mama yangu. Embe zake tulizila, tukaziuza, na mwaka mmoja mpunga ulipoharibika zilitupatia fedha za daftari. Bibi aliposikia maneno ya babu aliweka chini ungo wake.

"Mtumbwi wa nini tena?" akasema. "Macho yako yenyewe hayaoni mkono wako. Na mto wa siku hizi nani ausogelee?"

Alikuwa na haki. Babu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Na tangu mwezi wa Oktoba 2020, magaidi walipovuka kutoka ng'ambo wakaishambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba, wazee wengi wa kwetu hawapendi kukaa karibu na maji baada ya magharibi. Babu akajibu kwamba mtumbwi ni wa kutegea kambale na perege bwawani. Bibi akacheka, maana kwa kutega kambale mtumbwi wowote wafaa.

Usiku ule, baada ya kula, nikamwuliza babu kwa nini hasa autaka ule wa bata. Akakaa kimya kitambo, kisha akaanza habari ambayo nalikuwa nimesikia vipande vipande tu.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Babu alikuwa kijana wa miaka 18, tayari ana mtumbwi wake wa bata. Watu wakaanza kushuka kutoka uwanda wa Mueda, wengi wao Wamakonde kama sisi, wakifika ukingo wa pili usiku na kungoja. Askari wa Kireno walikuwa wakipita upande ule. Mitumbwi mikubwa ya kuvushia haikuweza kwenda, kwa ajili ya kishindo chake. Basi babu akaenda na ule wake. Aliwavusha wawili wawili, wamelala kifudifudi, miguu ya mmoja kichwani pa mwenziwe, naye amepiga magoti nyuma akivuta maji kwa kafi fupi, bila kuliinua juu ya maji, kama alivyozoea kuwaendea bata. Mama mwenye mtoto mchanga alimpa ziwa mpaka ng'ambo. Baadaye wengi wa watu wale walipelekwa Rutamba, Lindi, wakakaa huko.

"Ulivusha wangapi?" nikamwuliza.

"Sikuhesabu."

Bibi, ambaye nalidhani amelala, akasema kutoka ndani: "Mweleze na yule msichana aliyekutapikia miguuni."

"Ndiye huyo," akasema babu, akielekeza kidole mlangoni.

Kwa kweli sikujua. Nalijua kwamba bibi alizaliwa ng'ambo, lakini kwetu ni wengi waliozaliwa ng'ambo, wala hakuna aulizaye. Asubuhi bibi akatoka na masharti yake: matawi yote ni kuni zake, mimi nitapanda miche miwili ya maembe mahali pake, na yeye hatakuwapo mti ukianguka. Akaenda kwa dada yake tangu alfajiri, akarudi jioni.

Kuangusha mwembe ni kazi ya nusu siku, kuuchonga ni siku nyingi. Kwanza babu aligonga shina kwa kisigino cha shoka toka chini hata juu, akisikiliza kama pana uvungu. Tukakata kipande, tukatoa ganda, kisha tukachonga nje kwanza: mbele, nyuma, na kitako. Ndipo tukaugeuza na kuanza kuchimba ndani, shoka kwa mafungu makubwa, halafu tezo. Macho ya babu hayakumzuia. Alipitisha viganja vyake ubavuni, kimoja ndani, kimoja nje, akasema, "Hapa pana vidole 3, punguza kimoja." Nami nikipunguza. Alipotaka kujua zaidi aligonga kwa fundo la kidole, na kwa kweli ubao mnene na ubao mwembamba hauna sauti moja. Baada ya siku chache hata mimi nikaanza kuzitofautisha. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Mti wa mwembe ni laini kwa tezo, lakini umejaa maji, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Ukikauka upesi hupasuka.

Babu akapata siku ya kwenda Mtwara kutazamwa macho. Akaniagiza maneno machache tu: mtumbwi ukae kivulini, umefunikwa nyasi mbichi, na nyasi zimwagiwe maji asubuhi na jioni. Nikaitikia. Siku ya kwanza nikafanya. Siku ya pili kulikuwa na mpira kijiji cha pili, nami ni mchezaji wa pembeni wa kushoto, ambao ni adimu. Nikasema nyasi za jana zingali mbichi. Tukashinda mabao 3 kwa 1, wakatupikia wali, tukalala huko.

Niliporudi kesho yake saa nane nikakuta mbuzi wamezila nyasi zote. Kivuli kilikuwa kimehama, na jua la kiangazi pamoja na upepo wa kusi vimeukausha ubavu mzima. Ufa ulitoka nyuma, urefu wa mkono wangu, nao ulikuwa wazi hata niliona mchanga upande wa pili. Nikamwaga maji, ndoo kwa ndoo, kama mtu amnyweshaye maiti. Bibi alinitazama, hakusema lolote. Akachukua kuni zake akaingia jikoni.

Babu alirudi jioni ya siku ya tatu. Mimi nikamwambia kabla hajaketi. Akaja, akachuchumaa, akapitisha kidole ndani ya ufa toka mwanzo hata mwisho, polepole. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Lete bati la debe," akasema.

Tukaziba ufa kwa pamba iliyochovywa katika lami, tukaishindilia kwa patasi butu, na juu yake tukapigilia kipande cha bati kwa misumari mifupi. Watu kumi wakauvuta mpaka bwawani juu ya magogo ya kuviringisha, bibi akawapikia. Ukaelea. Ukavuja kidogo, kama kikombe kimoja kwa saa, lakini ukaelea sawasawa bila kuegemea upande wowote, na vijana waliosema kwamba kipofu hawezi kuchonga mtumbwi wakanyamaza.

Siku mbili kabla ya kurudi shule babu aliniamsha alfajiri. Tukaingia sisi wawili, yeye amelala nyuma, mimi nimepiga magoti katikati na pondo. Pondo la mtumbwi huu ni jepesi, na ncha yake ina panda fupi ili isizame topeni. Bata walikuwa ng'ambo ya bwawa. Mimi naliwaona, yeye alisikia mbinja zao. Akaniambia nizunguke mpaka upepo unipige usoni na jua linapochomoza liwe mgongoni, kisha niweke pondo, nilale, nitumie kafi fupi. Nikafanya hivyo. Tulikuwa bado mbali, kama upana wa kiwanja cha mpira, walipoinuka wote kwa pamoja.

"Ni bati," akasema babu. "Husikii?"

Nikasikiliza. Kila kiwimbi kilipopita nyuma kiligonga ukingo wa bati: ta, ta, ta. Sauti ndogo mno. Sikusema kitu, kwa maana bati lile lilikuwa langu.

Tukangoja. Kundi likazunguka, likatua tena karibu na mayungiyungi. Babu akatambaa akanipita, akalala mbele kabisa, kidevu juu ya ubao. Mtumbwi ukainamia mbele, nyuma ikainuka, bati likatoka majini. Ile sauti ikakoma. Nikavuta maji bila kuliinua kafi, kidogo kidogo, mkono ukiniuma hata begani. Tulipita katikati ya mayungiyungi, majani yake yakiukwaruza ubavu. Niliweza kuona macho ya bata, na mmoja wao amesimama kwa mguu mmoja, analala. Nadhani tulikuwa hatua 8 au 9 kutoka kwao.

Babu hakuwaona, lakini alikuwa akiwasikia wakichuja tope kwa midomo yao. Alilala pale hata jua likapanda na maji ya ufa yakanilowesha magoti. Kisha akapiga kofi moja juu ya ubao, na wote wakaruka juu ya vichwa vyetu, matone ya maji yakatuangukia.

"Hamkuleta hata mmoja?" bibi akatuuliza tulipofika.

"Hata mmoja," akasema babu, akaomba uji.

Mtumbwi sasa umezamishwa nusu penye maji ya kina kifupi, umejazwa mawe, ili usikauke. Mdogo wangu ameagizwa kuutazama, nami nimemwandikia barua mara mbili juu ya mbuzi. Miche miwili ya bibi mmoja umeshika, mwingine nitaupanda upya. Likizo ya Desemba nataka kuling'oa lile bati na kuweka kiraka cha mti kilichochongwa sawasawa na ubavu. Babu asema yawezekana, ila lazima kipande kitoke katika mwembe ule ule, na bibi asema kwamba kuni zilizobaki ni chache, niwahi.