Chipu Haikuwa Feki

Mnakumbuka ile posti nilichoma jamaa mmoja wa Luthuli Avenue, ati ameniuzia chipu feki? Nimeitoa. Lakini wengi wenu mlishaifowadi, kwa hivyo acha niseme vile mambo yalikuwa.

Nilikuwa najenga risiva ya redio, ile aina ambayo bodi inafanya kazi kidogo halafu laptop inamalizia kwa programu. Bodi inashika mawimbi ya megahazi 7 na kuyatoa kwa njia mbili, zikiwa zimepishana digrii 90. Laptop inaangalia ni gani imetangulia, na hapo ndio inajua kama stesheni iko juu au chini ya katikati ya skrini. Ukipoteza njia moja, laptop haiwezi tena kutofautisha: kila stesheni inatokea mara mbili. Yangu ilikuwa hivyo. Msee wa Morse akiwa kilohazi 7 kulia, pacha wake yuko kilohazi 7 kushoto.

Nikachukua mita. Bodi inatumia volti 5, na rezista mbili sawa zinaigawanya iwe 2.5. Hiyo 2.5 inaenda kwa chipu yenye amplifaya mbili ndani, ili kila moja ikae katikati na ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Zote mbili zinafaa kutoa kama 2.5. Mguu wa 1: 2.49. Mguu wa 7: 4.8. Yaani imekwama juu kabisa. Nikapima mguu wa 5, pale 2.5 inaingilia amplifaya ya pili. Nikapata 2.5 safi! Kama inaingia sawa na inatoka vibaya, basi chipu ndio mbovu, si ndio?

Nikarudi dukani. Jamaa akaniambia, "Boss, hii umeshaitia solda, siwezi irudisha." Nikatoka hapo nimewaka, nikaandika "mkora", nikaweka na picha ya duka.

Wiki mbili baadaye nikaonyesha bodi mzee mmoja hapa mtaani anayetengeneza TV. Hakugusa mita yake. Akaniambia niweke yangu mguu wa 7, akachukua kijiti cha meno, akabonyeza mguu wa 5 polepole. 4.8 ikaanguka hadi 2.5. Akaachilia, ikapanda tena. Akabonyeza tena, nafikiri hiyo ya pili ilikuwa ya kunitesa tu.

"Kijana wangu, ulipima mguu ama ulipima bodi?"

Nilikuwa nimepima mguu. Solda yangu haikuwa imeshika: ilikuwa imezunguka mguu vizuri, inang'aa, lakini chini haikushikana na shaba ya bodi. Kila nikiweka ncha ya mita, nilikuwa naubonyeza mguu mpaka unagusa, na mita inaniambia ukweli wa hiyo sekunde tu. Nikitoa mkono, mguu unabaki hewani na amplifaya inakimbilia juu. Na kwa sababu nina mita moja, sikuwahi kuona mguu wa 7 ukirudi sawa wakati huo huo. Ningepima kwa shaba yenyewe, kisha kwa mguu bila kuusukuma, ningejua siku ya kwanza. Kuirekebisha kulichukua sekunde kama tatu za solda ya moto na flaksi kidogo. Pacha wa Morse akapotea.

Jumamosi nikaenda Luthuli. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa matatu, lakini jamaa alinijua kabla sijafungua mdomo. Akaniambia kuna wanafunzi walikuja, wakamwonyesha posti yangu kwa simu, wakaenda kununua kwa jirani. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama redio inafanya kazi sasa, nikasema ndio, akasema sawa.

Chipu zake ni poa. Ile picha mliifowadi, na hii pia ifowadini.