Mama, wakiongelea tabo nyumbani usiondoke

Najua mtauliza, nesi na injini wapi na wapi? Lakini siti ya nyuma wanakaa watoto wetu, kwa hiyo leo tuingie gereji.

Hapa Mbeya vijana wengi wana Subaru isiyo na tabo na wanatamani kuiwekea. Baba watoto naye akaja na wazo hilo. Nikamuuliza, kompresheni ya injini hii ni ngapi?

Umewahi kushika pampu ya baiskeli ukimaliza kujaza upepo? Inakuwa ya moto, maana hewa ikibanwa inapata joto. Injini ya 10:1 inabana mafungu kumi yakae kwenye nafasi ya fungu moja. Ya 8:1 inabana kidogo zaidi ya hapo chini. Tabo nayo inasukuma hewa ya ziada kabla pistoni haijabana. Vikizidi vyote viwili, petroli inawaka yenyewe bila kusubiri moto wa plagi uifikie. Injini inagonga kama kokoto kwenye kopo. Ukizidi kukanyaga, pistoni inapasuka au gasketi ya hedi inaungua. Ndiyo maana Subaru nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilizotoka kiwandani na tabo ni kati ya 8:1 na 9:1, na zisizo na tabo zinafika 10:1.

Sasa sikia linalotuhusu sisi wa huku juu. Mbeya tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi na baridi. Fundi akijaribu gari alfajiri pale Uyole, itatulia kabisa. Desemba mnapita Iringa kumsalimia bibi, mnateremka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni. Huko joto kali, hewa nzito. Mtihani wenyewe ni kurudi: gari imejaa, unapanda Kitonga umekanyaga, malori mbele na nyuma, na kwenye tanki kuna petroli uliyoikuta njiani. Injini iliyonyamaza Uyole inaanza kugonga hapo, watoto wakiwa ndani.

Kwa hiyo kompresheni ichagueni kwa sehemu ya chini na ya joto kuliko zote mtakazopita, siyo kwa pale ilipojaribiwa.

Sisi injini yetu ya 10:1 tumeiacha ilivyo. Tunadunduliza tupate ya kiwandani yenye tabo, ya 8:1. Hasara ipo: kabla tabo haijaamka gari inakuwa nzito kuondoka, na mafuta inakula zaidi. Baba watoto alinung'unika. Nikamwambia, "Baba, kuondoka mbio pale Mafiati hakutatusaidia Kitonga."

Mkienda kwa fundi, muulize: kompresheni ngapi, presha ya tabo kiasi gani, na umeipanga kwa hali ya hewa ya wapi? Akijibu "itavumilia tu," mshukuru, chukua watoto, rudini nyumbani na gari yenu ilivyo.