Kipanga Asiyenyakua

Katika shule za Tanzania, mwanafunzi mwenye akili nyingi huitwa kipanga, na aliye mzito wa kuelewa huitwa kilaza. Kipanga ni jina la sifa, lakini ndani yake mna dhihaka. Kipanga wa angani hushuka uani akanyakua kifaranga mbele ya mama yake. Kipanga wa darasani, yasemwa, huinamia vitabu mpaka vifaranga wote wamekwisha kuchukuliwa na vilaza. (Kwamba msichana amefanywa kifaranga katika mzaha huu ni aibu ya pili, nayo haitajwi.)

Ajabu ni kwamba Wamarekani nao walipitia kwa kuku. Neno lao “geek”, ambalo leo ni la mtu aliyezama katika kompyuta, mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa jina la mtu wa maonyesho ya kuzunguka, aliyeng'ata kichwa cha kuku hai huku watu wakimtazama.

Dodoma ina Chuo Kikuu tangu mwaka 2007, na vijana wa kompyuta huko hupiga msuli usiku kucha. Msomaji wa pwani asidhani ni ile nguo ya kiunoni, ni kusoma kwa bidii. Lakini atakaye kuujua uzito wa dhihaka hiyo na ashuke Majengo, kwenye vibanda vya mafundi simu. Fundi ameinama, salamu huitikia kwa neno moja. Watu husema: huyu anajua mashine, hajui watu. Shangazi anayemtafutia binti wa kaka yake mume humpita, akaulizie habari za dereva wa bodaboda mwenye ulimi mtamu.

Shangazi huyo huyo, simu yake ikiharibika, humwachia fundi pamoja na namba ya siri. Ndani mna madeni, picha, ugomvi wa ndugu. Wapo mafundi wapekuzi, hilo halikataliki. Lakini aliye mwaminifu huona, akafunika, asiseme. Asiyejua watu angejuaje la kunyamazia?

Naye, kwa kuambiwa miaka mingi kwamba hana maneno, huishia kuamini. Binti ajapo kuchukua simu, fundi huwa ameiandaa kauli tangu asubuhi. Ikifika mdomoni hugeuka kuwa maelezo ya betri, marefu, ya upole, yenye nasaha ya kutoichaji usiku kucha. Binti naye amekulia katika masimulizi yale yale. Huyasikiliza kama maelezo ya betri, hulipa, huenda zake.