Vifundo vya Almari

Almari ikizeeka, kinachotangulia kupotea ni kifundo. Mbao hubaki, na hata kitasa huweza kubaki miaka mingi baada ya ufunguo kupotea. Kifundo hung'oka siku saraka imekwama kwa unyevu wa masika, mtu akaivuta kwa hasira. Kitawekwa dirishani mpaka fundi aje, na fundi akija watoto wameshakichezea kikapotea. Nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, na sikumbuki nyumba ya jamaa zetu iliyokuwa na almari yenye vifundo kamili. Yetu, saraka ya chini ilifunguliwa kwa kitanzi cha kanga kuukuu.

Mjomba wangu alikuwa na karakana mitaa ya Ng'ambo, nami nikishinda huko nikijifunza kazi. Milango na vitanda ndivyo vilivyomlisha. Vifundo aliviona kazi ya kupitisha muda, akivikereza kwa mashine ya mota kama mafundi wenzake. Ikaja Desemba 2009, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ukakatika, na Unguja ikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Mahoteli yaliwasha majenereta. Sisi tulipiga hesabu ya petroli tukaona inakula faida yote. Mjomba akapanda darini, akashusha kerezo la uta la marehemu baba yake.

Asiyewahi kuliona atadhani ni mtego wa ndege. Ni misumari miwili mikali inayotazamana, kipande cha mti kimebanwa katikati yake, na ugwe wa uta umezungushwa juu ya kipande hicho. Fundi hukaa chini, mkono mmoja unasukuma na kuvuta uta, mwingine umeshika patasi, na vidole vya mguu vinaisaidia patasi isitoroke. Mti huzunguka mbele, kisha hurudi nyuma; patasi hula unapokuja upande wako tu, unaporudi lazima uiondoe kidogo. Ni kazi ya polepole, na wiki ile ya mwanzo mguu wangu ulikufa ganzi kila siku. Lakini kwa kerezo lile unasimama unapotaka, unapima, unaendelea. Mota haikupi nafasi hiyo.

Tulikuwa na almari ya msaji ya bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, imepungukiwa vifundo vitatu. Mjomba alikichomoa kimoja cha zamani akanipa bikari nikipime. Nikapima upande mmoja, nikageuza, kipimo hakikuwa kile kile. Nikadhani aliyekitengeneza alikuwa na haraka. "Alikitoa mviringo kabisa," mjomba akasema. "Mti ndio uliojikunja." Mti ukikauka hunywea zaidi kwa kufuata pete zake kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo kilichokuwa duara siku ya kwanza hakibaki duara. Tofauti pengine ilikuwa nusu milimita, lakini ukiweka kifundo kipya kilicho duara timamu katikati ya wazee wale, jicho hulikamata kosa hata kabla hujajua unatazama nini. Tukakereza duara kwanza, kisha tukakipiga tupa pande mbili.

Msaji tuliutoa kwenye mguu wa meza iliyovunjika, ya umri unaokaribiana. Ubao mpya ungeendelea kunywea, na ulimi wake ungelegea kwenye tundu. Nyuzi za mti zilikwenda kwa urefu, kutoka ulimini hadi usoni, kwa sababu ulimi wenye nyuzi za kukatiza hukatika mara moja. Ubaya wake ni kwamba uso wa kifundo unakuwa kichwa cha mti, nacho hunywa rangi kwa pupa kikawa cheusi. Mjomba alikipaka kwanza lakiri nyepesi iliyoyeyushwa kwa spiriti, akaacha ikauke, ndipo akatia rangi. Kulainisha tulitumia majani makavu ya msasa, maana karatasi ya dukani, alisema, inaacha mikwaruzo inayoonekana baada ya polishi. Hilo sikuliamini wakati ule na siliamini leo, ila majani yalikuwa bure.

Ulimi ulipasuliwa kidogo mwishoni, ukatiwa kabari kutoka ndani ya saraka. Kabari husimama wima, ikatize nyuzi za ubao wa saraka. Ukiilaza, ndiyo itakayoupasua ubao, na hapo umempelekea mwenye mali hasara mpya.

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alitukuta tukiijaribu saraka. Akavipenda vifundo, akaagiza vingi, kwa sharti tuvigonge kwa mnyororo na kuvichoma kidogo ili watalii wasivitambue. Mjomba alikataa. Kutia rangi ilingane, sawa. Kutia makovu, hapana. Mimi nilikuwa nataka hela, nikamwuliza tofauti iko wapi, kwani vyote viwili si kumfanya mtu asijue kipi kipya? Akaniambia bibi wa Malindi anajua, alivilipia. Jibu lile linatosha kwa bibi wa Malindi. Kwa mtu atakayeinunua almari ile baada yake, sijaona linamsaidia nini.

Tukaipeleka almari kwa mkokoteni. Bibi akavuta saraka moja baada ya nyingine, akarudia. Mjomba akakaa kimya akisubiri sifa, maana kazi ilikuwa imelingana kweli.

"Hivi vitatu vinashikika vizuri, mwanangu," akasema. "Hivi vizee vinaniteleza mkononi. Nitolee vyote, unitilie vipya."

"InshaAllah, Bi Mkubwa," mjomba akamjibu. Hakuna aliyerudi kule mpaka umeme uliporudi, na hata hapo aliyetumwa ni mimi.