Mikono ya Mama na Kijiko cha Soda

Neno biskuti kwetu lina maana moja: kitu kikavu, kitamu, kitokacho katika pakiti, ambacho ukikichovya katika chai sharti ufanye haraka kisije kikabaki kikombeni. Asili ya jina hilo, ukilifuata mpaka kwenye Kilatini, ni kitu kilichookwa mara mbili ili kikauke na kidumu. Basi mtu wa Tanga akifika kusini mwa Marekani, akakaribishwa biskuti, akaletewa kijimkate kinene, cheupe ndani, laini kama pamba na kinachofuka mvuke, hawezi kulaumiwa akidhani hakusikia vizuri. Kwa Wamarekani hiyo ndiyo biskuti. Ile yetu wana jina jingine kwa ajili yake.

Mwaka 2004 nilikaa Tennessee kwa miezi kumi, na bibi mmoja jirani alizipika kila Jumapili. Kilichonishangaza si ladha, bali saa. Tangu alipochota unga mpaka tulipopaka siagi haikupita nusu saa. Mimi nimelelewa katika nyumba ya mahamri. Kwetu unga ulikandwa jioni kwa tui na hamira mpaka mkandaji atoke jasho, ukafunikwa, ukalala, na alfajiri ndipo ukasukumwa. Kitu kinachoumuka bila kulala kilinitia shaka.

Siri yenyewe ni soda ya kupikia, nayo si siri kubwa. Ikikutana na kitu kichachu, mtindi kwa mfano, hutoa hewa ileile iliyomo katika soda za chupa tunazokunywa. Hamira nayo hutoa hewa hiyo, lakini hamira ni kiumbe hai. Hula polepole na kupumua polepole. Soda haingoji. Hewa huanza kutoka mara tu mtindi unapomiminwa, na ndiyo sababu yule bibi, msemaji hodari siku zote, alinyamaza kabisa kwa zile dakika chache za kuchanganya na kukata. Nusu kijiko cha chai cha soda hutosha kikombe kimoja cha mtindi. Ikizidi hapo biskuti huwa na rangi ya manjano na ladha ya sabuni.

Wapo huko wanaomimina soda ya chupa yenye ladha ya ndimu badala ya maziwa, juu ya unga wa pakiti uliokwisha changanywa, kama ule uitwao Bisquick unaouzwa tangu mwaka 1931. Nimezila, ni laini kweli. Lakini mwenye kuziumua hasa ni ile dawa iliyomo katika pakiti, na sifa zote huchukua chupa.

Ni bibi huyo aliyenieleza jinsi watu walivyofanya kabla ya soda. Zilikuwako biskuti za kupigwa. Donge la unga liliwekwa juu ya kisiki au meza nene, likapigwa kwa nyundo ya mti au kwa ubapa wa shoka, likakunjwa, likapigwa tena, nusu saa kwa siku za kawaida na zaidi kama kuna wageni. Kupiga huko ndiko kulikoingiza hewa. Wapigaji, katika nyumba za wenye mali, aghalabu walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1865. Dawa za kuumulia zilikuwa zimeanza kujulikana kabla ya hapo: kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons cha mwaka 1796 kinatumia chumvi iliyotengenezwa kwa majivu ya kuni, na mwaka 1846 John Dwight na Austin Church walianza kutengeneza soda yenyewe na kuiuza. Hata hivyo biskuti za kupigwa hazikuisha mara moja. Meza zilizotaka kuonyesha heshima ziliendelea kuzitaka.

Mambo haya yalikuwa kwangu hadithi tu, mpaka mwaka 2016 mama alipopatwa na baridi yabisi ya vidole. Mwanamke aliyekuwa akikanda kilo tatu za unga bila kukaa chini sasa alishindwa kufungua mfuniko wa chupa. Hakulalamika. Aliacha tu kupika kitafunio cha asubuhi, akawa anatuma mtoto dukani kununua mkate, na mkate ule akiuweka mezani hakai nasi kula. Nikamwambia kuhusu biskuti za Tennessee, kwamba unga wake haukandwi. Akanijibu, "Mwanangu, kisichokandwa ni chakula cha mvivu."

Nikamweleza habari za wale waliopiga unga kwa shoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao waliopiga, walikula?" Nikamwambia meza haikuwa yao. Akanyamaza kwa muda, halafu akasema nimletee mtindi.

Tulitumia vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha soda, chumvi kiasi hichohicho, vijiko vikubwa 5 vya siagi baridi na mtindi usiozidi kikombe. Siagi husagwa ndani ya unga kwa uma mpaka iwe chenga. Mtindi humiminwa mwisho na kukorogwa kwa mwiko mara chache, uache unga ukiwa bado na mabonge. Hapo mama alipata tabu, kwa kuwa mkono uliozoea kukanda unataka kuendelea. Lakini ukikanda, mnato wa unga huamka na biskuti hutoka ngumu. Vidole vyake vilivyokuwa vikimuuma vilikuwa na nguvu iliyotakiwa, wala si zaidi.

Aliuliza kwa nini tusitumie magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage. Ni jamaa moja na soda, lakini ni makali zaidi, na yale ya maziwa ya kaskazini, kama Natron, huwa na floridi nyingi, ile iliyotia meno ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro rangi ya kahawia. Soda ya dukani ni bei ndogo, na kopo moja hudumu.

Oveni hatuna. Tulipalia makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko, tukangoja ipate moto kweli ndipo tukazipanga, zikigusana ili ziinuke juu badala ya kutambaa pembeni. Robo saa hivi zilikuwa zimeiva.

Sasa huzipika kila Ijumaa. Huzikata kwa bilauri iliyopakwa unga, akiibana moja kwa moja bila kuizungusha. Mabaki yasiyo na umbo huyapanga ukingoni, na hayo ndiyo wajukuu wanayogombania. Neno biskuti amelikataa. Kwake ni mikate ya haraka, na mgeni akiisifu husema hajafanya kitu, kisha humsogezea sahani.