Usiniulize Niliandika Nini, Niulize Pesa Inatoka Wapi

Wasee, tangu niseme nimeitwa chuo Ujerumani kusoma digrii ya pili, inboksi yangu haijatulia. Swali ni lile lile: "Uliandika nini kwa ile insha?" Insha utaandika, umwonyeshe rafiki, uandike tena. Mimi naona tunaulizana swali dogo na kuacha kubwa: pesa ya kufika hadi mlangoni inatoka wapi?

Tuanze na Kiingereza. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. KCSE yangu ilikuwa Kiingereza, kila karatasi isipokuwa Kiswahili. Chuo miaka minne, Kiingereza. Halafu naambiwa nilipie mtihani wa kuonyesha najua Kiingereza, na ada yake ingenilipia bedsita yangu Kahawa Wendani karibu miezi mitatu. Na matokeo yenyewe hukaa miaka miwili tu, kama vile lugha huoza! Kitu wengi hawajui ni kwamba vyuo vingine hukubali barua kutoka chuo chako ikisema ulifundishwa kwa Kiingereza. Uliza kwanza. Yangu ilinigharimu nauli ya matatu na asubuhi moja kwa foleni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeitwa Uingereza pia, kozi ya mwaka mmoja. Nyumbani ilikuwa sherehe hadi tukaketi na kalkuleta. Karo kando, viza kando, halafu pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, eti za matibabu, hata kama hujapiga chafya huko. Kisha uonyeshe pesa imelala kwa akaunti siku 28 mfululizo. Hapo ndipo utasikia mambo. Kuna watu hukopa pesa ikae tu kwa akaunti, stetimenti itoke, kisha irudi kwa mwenyewe na riba. Siwahukumu. Lakini bana, mtihani huo unapima kama babako ana marafiki wenye nazo.

Mjomba alisema tuuze shamba. Mama akataka harambee. Nilikataa yote mawili. Shamba ni nusu ekari, na nina wadogo wawili nyuma yangu, mmoja yuko kidato cha tatu. Harambee nayo unajua vile huwa: ukirudi bila gari, kijiji kizima kinakudai.

Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo hata kwa mgeni. Vingi, si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, hutoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hivyo soma vizuri kabla ujaze fomu. Lakini kuna kitu kingine: wanataka uweke euro 11,904 kwa akaunti maalum iliyofungwa, halafu ukishafika unatolewa 992 kila mwezi. Mzee alishangaa sana.

"Ni pesa zako, na huwezi kuzigusa?"

Ndio, baba. Lakini nitazila mwenyewe, kodi na mkate wangu. Hiyo tofauti ndiyo ilinifanya nichague.

Na kama wewe ni mtu wa utafiti, angalia Marekani pia. Programu nyingi za PhD huko humlipia mwanafunzi karo na kumpa posho, na nyingi zinakuchukua hata ukiwa na digrii ya kwanza tu. Ada ya kutuma maombi nayo unaweza kuomba usamehewe. Andika barua pepe, hakuna atakayekupiga. Ila hata hapo kuna dola 350 za SEVIS, tena kabla hujalipia viza.

Mimi saa hii nimefika karibu nusu ya zile 11,904. Ni akiba ya miaka miwili kazini, chama cha dada yangu kimenikopesha kidogo, na kamera niliyokuwa nawarekodia imeuzwa, ndiyo maana siku hizi mnaniona kwa video za simu. Nusu ile nyingine sijui itatoka wapi, na tarehe ya chuo haingoji mtu. Shangazi yangu wa Mombasa amesema nishuke Jumapili tuongee, na niende na makaratasi, si maneno. Nimeshapita saiba kuyachapisha.