Kuku wa Kienyeji Aliniumbua Singida

Sisi vijana wa Dar tuna ugonjwa mmoja, nao unaitwa 'kienyeji'. Mtu akiambiwa kuku ni wa kienyeji, yuko radhi alipe mara mbili ya bei ya broila. Yai nalo lazima kiini kiwe cha njano. Kikiwa cheupe, mwenye genge anakunjiwa uso. Usinicheke, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Basi mwaka jana mshikaji wangu akanialika kwao, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Nikakubali hapohapo. Si ndiko wanakotoka wale kuku wanaoshushwa kwa matenga pale Shekilango? Nikapanda basi alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 600 kupitia Morogoro na Dodoma. Ukishaiacha Manyoni, nchi inakuwa kavu, mawe makubwamakubwa na alizeti kibao.

Jioni nikamwamkia mama yake. "Marahaba mwanangu, karibu nyumbani." Uani kuku walikuwa wanachakura, wanafukuzana na panzi. Chakula cha dukani hawakijui.

Usiku kikaja chakula: ugali wa uwele na kuku wa kuchemsha. Wee acha tu! Nyama inavutana na meno, mchuzi unanukia nyumba nzima. Nikaongeza, nikaongeza tena. Kumbe mwenzangu alikuwa anagusagusa tu, na wadogo zake walikuwa wanakula mlenda.

Asubuhi nikamwona mdogo wake wa kike kanuna. Nikauliza, mshikaji akajikuna kichwa. "Yule tetea alikuwa wake. Jumamosi mchuuzi angekuja kumchukua, anunuliwe madaftari."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekula madaftari ya mtoto, na mchuzi nikasindikizia!

Nikatoa pesa, mama akazikataa. "Mgeni halipi, mwanangu. Kuku wa mgeni ni wa mgeni." Ndipo nikajua kuwa pale kuku si kitoweo cha kila siku. Ni benki yenye miguu: mtoto akiugua anauzwa, shule ikifunguliwa anauzwa. Na si benki ya kujaa haraka. Broila anakuwa tayari kwa wiki 5 au 6, huyu wa mama anachukua miezi 6 au zaidi, kama mwewe na kideri havijamwahi.

Nikamuuliza kuhusu kiini cha njano. Akacheka. "Hayo ni majani tu. Mlishe kuku wa kizungu mchicha na mahindi ya njano, naye atakutagia hivyohivyo." Miaka yote nalipia rangi!

Kilichoniuma zaidi ni bei. Aliyonitajia, anayopewa na mchuuzi, haifiki hata nusu ya ninayotoa mimi Dar. Nauli, ushuru na kuku wanaofia njiani vyote vina gharama, sawa, lakini mwenye miezi 6 yake ndiye wa mwisho kupata.

Siku ya kuondoka nikanunua matetea wawili kwa bei ya Dar. Hapo mama hakukataa, maana hiyo ni biashara. Mdogo mtu akacheka mpaka mwisho wa jino.

Siku hizi nikila kienyeji sijitapi tena. Na mchuuzi anayepeleka kuku Dar akinitajia bei, swali langu la kwanza ni moja: "Aliyemfuga umemlipa ngapi?" Wengi wananiona mkorofi. Poa tu.